Printa Iko Tayari? Somo kutoka Bukoto kwa Makarani, Wenye Steshenari na Wananchi wa Mipakani

Somo la toleo hili linahusu mashine ya kuchapa karatasi, ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa kichapishi na ambayo sisi sote, madukani na ofisini, tunaiita printa. Tunajua kwamba neno "kuchapa" likitoka kinywani mwa polisi huwakumbusha baadhi ya wazee jambo jingine kabisa. Humu litakuwa na maana ya wino na karatasi peke yake.

Kilichotufanya tuchague somo hili ni kosa letu wenyewe. Katika kituo kimoja cha polisi cha mpakani, ambacho hatutakitaja kwa kuwa kosa hilo lingeweza kutokea katika kituo chetu chochote, alifika mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wakavu, wale ambao upande wetu huitwa mukene na upande wa Kenya huitwa omena. Alikuwa amepotelewa na kitambulisho cha taifa sokoni, na mzigo wake ulikuwa umekwisha kuvuka. Alihitaji barua ya polisi ya kuthibitisha kwamba ametoa taarifa ya kupotelewa. Karani wa zamu alimhoji kwa adabu, akaandika maelezo yake katika kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuchapa. Programu ikajibu mara moja kwa maandishi ya kijani: barua imetolewa. Ikahifadhi namba ya barua, tarehe, saa na jina la karani. Karatasi haikutoka.

Printa ya kituo hicho ilikuwa chumba cha pili, ikihudumia meza tatu kwa njia ya mtandao. Mtu alikuwa amechomoa plagi yake ili simu yake ipate chaji. Karani alingoja, akabonyeza tena, na programu ikamkatalia kwa maelezo kwamba barua ya namba ile imekwisha kutolewa. Akamwambia mama arudi asubuhi. Usiku plagi ikarudishwa mahali pake, printa ikaamka, ikapokea kazi iliyokuwa ikiingoja tangu alasiri, na ikachapa barua ya mama katika chumba kisichokuwa na mtu.

Asubuhi alikuwapo karani mwingine. Alifungua kumbukumbu, akaona barua imetolewa jana, akamwuliza: "Mama, barua ya kwanza umeipeleka wapi?" Swali lenyewe halikuwa la ajabu. Barua ya namna hii ina thamani mikononi mwa mtu asiyestahili kuvuka, na wapo waliowahi kuziuza zao. Mama alikaa kwenye benchi letu tangu asubuhi hadi alasiri akijieleza kuhusu karatasi ambayo hajapata kuiona, na mzigo wake ng'ambo ukanyeshewa. Jinsi jambo hilo lilivyokwisha tutaeleza mbele.

Baada ya tukio hilo tuliwakusanya makarani wa vituo kadhaa vya mpakani, vijana wawili wanaoandika programu, na wenye steshenari wachache walioomba kuhudhuria. Tulikutana Bukoto, chini ya kilima cha Naguru yalipo makao makuu ya polisi, katika chumba cha kuazima chenye kompyuta nane na printa moja iliyokuwa mwisho wa ukumbi. Ukumbi huo mrefu ulitusaidia sana, kwa sababu aliyekaa kwenye kompyuta hakuweza kuiona printa, na hiyo ndiyo hali halisi ya kituo.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba programu ya yule mama haikudanganya kwa makusudi. Programu inapotoa amri ya kuchapa, haizungumzi na printa moja kwa moja. Huikabidhi kazi kwa foleni ya kuchapa iliyo ndani ya kompyuta, nayo foleni hupokea, husema "nimepokea", na kuitunza kazi hiyo mpaka printa ipatikane. Msomaji wa mpakani ataelewa upesi tukisema kwamba ni kama kumpa kondakta wa basi kifurushi cha kwenda Kampala. Kondakta amekipokea, amekuandikia risiti, na huenda amekuahidi kwa kiapo. Lakini basi bado liko stendi, na aliye Kampala bado hajashika kitu. Programu yetu ilichukua risiti ya kondakta ikaisoma kana kwamba ni salamu za mpokeaji.

Foleni hii ni msaada mkubwa. Bila hiyo kompyuta ingesimama kila mara printa inapomaliza karatasi. Tatizo ni kwamba iliundwa kwa ajili ya kazi zinazoweza kungoja, kama ripoti ya mwezi, na sisi tuliitumia kwa mtu aliyesimama mbele ya meza huku gari likimngoja nje. Kwa kazi ya namna hiyo programu haina budi kuuliza hali ya printa kabla ya kukabidhi chochote kwenye foleni.

Je, iulize nini? Hapa ndipo darasa letu lilipochukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, maana kila aliyehudhuria alikuwa na maana yake ya neno "tayari".

Wengi walianza na amri ya ping, ambayo hutuma ujumbe mfupi kwenye anwani ya mashine katika mtandao na kungoja mwangwi. Tulimwomba karani mmoja atoe trei ya karatasi, mwingine akatuma ping. Printa ikajibu bila kusita. Tukafungua mlango wa mbele wa printa na kuuacha wazi, ikajibu. Tukatoa kasha la wino, ikajibu vilevile. Anayejibu ping ni kadi ya mtandao iliyo ndani ya printa, nayo haijui lolote kuhusu karatasi. Jibu lake lina maana kwamba kuna kitu chenye umeme katika anwani ile, basi. Kama hakuna jibu, mara nyingi printa imezimwa au waya umekatika, ingawa ziko ofisi ambako mafundi wameziba ujumbe wa ping kwa sababu za usalama na printa inafanya kazi vizuri.

Tumesema "kuna kitu", wala hatukusema "kuna printa", kwa sababu alasiri ya siku ya pili mvua ya Kampala ilitufundisha somo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Umeme ulikatika kwa muda, ukarudi, na kompyuta zote nane zikashindwa kuchapa ingawa ping ilikuwa ikijibiwa. Katika mitandao mingi anwani hugawiwa na rauta kwa muda maalumu, na umeme ukikatika ugawaji huweza kuanza upya. Printa yetu ilikuwa imepewa anwani mpya, na anwani yake ya zamani ilikuwa imechukuliwa na simu ya mmoja wa wanafunzi. Kompyuta zilikuwa zikiibishia hodi simu iliyo mfukoni mwa mtu. Tiba yake ni rahisi: printa itengewe anwani ya kudumu katika rauta, nayo iandikwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ubavuni mwa mashine. Kwa vituo vya mpakani, ambako umeme hukatika mara nyingi kuliko Bukoto, tunalihesabu jambo hili kuwa la kwanza kufanywa kabla ya kugusa programu.

Hatua inayofuata baada ya ping ni kubisha kwenye mlango wenyewe wa kuchapia. Kila mashine katika mtandao ina milango yenye namba, na printa nyingi za ofisini hupokea kazi kwenye mlango 9100. Nyingine hutumia mlango 515, ambao ni wa utaratibu wa zamani ulioelezwa rasmi mwaka 1990, au mlango 631 wa itifaki iitwayo IPP. Programu ikiweza kufungua mlango 9100 na kuufunga, imepata ushahidi bora kuliko ping, kwa kuwa simu ya mkononi haitafungua mlango huo. Lakini kuna tahadhari mbili. Kwanza, unapobisha usitume hata herufi moja, maana printa huchapa chochote kinachoingia kwenye mlango 9100. Mwanafunzi wetu mmoja alituma neno la majaribio na karatasi ikatoka na neno hilo peke yake. Pili, printa nyingi humpokea mteja mmoja tu kwa wakati mmoja kwenye mlango huo. Mlango ukikataa, yawezekana printa haijafa, inamhudumia jirani. Programu ingoje kidogo, ijaribu tena, ndipo itoe hukumu.

Hata mlango uliofunguka hausemi kama karatasi imo. Kwa hilo lazima printa yenyewe iulizwe, na kwa bahati nzuri printa za mtandao zimefundishwa kujibu. Njia moja ni itifaki ya SNMP, inayotumika kuulizia hali ya mashine za mtandao za kila aina. Orodha ya maswali yanayohusu printa ilitangazwa mwaka 1995 na kurekebishwa mwaka 2004. Printa hujibu kwa tarakimu: 3 ina maana kwamba imetulia haina kazi, 4 inachapa, 5 inapasha moto. Tarakimu 1 ina maana ya "hali nyingine", na 2 ni "haijulikani". Pamoja na tarakimu hiyo hutoa alama za kasoro: karatasi imepungua, karatasi imekwisha, wino umepungua, wino umekwisha, mlango uko wazi, karatasi imekwama, mashine imejitoa kazini, au fundi anahitajika.

Vijana wetu waandishi wa programu walitaka kukataa kila jibu lisilokuwa 3. Hilo lingekuwa kosa. Printa iliyolala ili kupunguza matumizi ya umeme mara nyingi hujibu 1, nayo huamka vizuri ikipewa kazi. Wino uliopungua si wino uliokwisha. Ukimkatalia mwananchi barua kwa sababu hiyo, umemfukuza mtu ambaye printa ingemhudumia siku kadhaa zaidi. Kwa upande mwingine, karatasi iliyokwisha, karatasi iliyokwama na mlango ulio wazi ni sababu tosha za kusimama. Kasoro inayozuia kazi na kasoro inayoonya tu hazina budi kutenganishwa ndani ya programu, na karani aambiwe kwa maneno anayoyaelewa. Maandishi yanayosema "kosa namba fulani" hayamsaidii mtu. Yanayosema "karatasi imekwisha katika printa ya chumba cha pili" yanamwinua kitini akatie karatasi.

Njia nyingine ni ile ya IPP, na kwetu sisi ndiyo iliyotuonyesha kiini cha kosa letu. Printa inayofuata itifaki hii hujibu maswali mawili yaliyo tofauti. Swali moja ni hali yake: 3 imetulia, 4 inashughulikia kazi, 5 imesimama. Swali la pili ni kama inapokea kazi au haipokei. Printa inaweza kuwa imesimama kabisa na bado ikajibu kwamba inapokea kazi, na haina kosa katika kujibu hivyo: inakubali kuzipanga zingoje. Mwandishi wa programu anayeuliza swali la pili peke yake atapata "ndiyo" kutoka kwa mashine isiyoweza kutoa hata ukurasa mmoja. Tuliandika maswali haya mawili ubaoni kwa chaki, moja juu ya jingine, na hatukuyafuta mpaka siku ya mwisho.

Kwa wale wanaotegemea alama inayoonyeshwa na Windows karibu na jina la printa, tunawashauri wasiiamini peke yake. Mara nyingi alama hiyo huonyesha hali iliyojulikana mara ya mwisho, wala si hali ya sasa. Iko pia kinyume chake: Windows huulizia printa nyingi za mtandao kwa SNMP, na ikiwa huduma hiyo imezimwa ndani ya printa, kompyuta huonyesha kwamba printa haipo huku printa yenyewe inachapa bila taabu. Tulipoeleza hili, mwenye steshenari mmoja alicheka kwa uchungu, akasema alikwisha kununua printa ya pili kwa sababu hiyo.

Sasa tuseme kidogo kuhusu subira. Kompyuta ikibisha kwenye anwani isiyokuwa na mtu, inaweza kungoja zaidi ya sekunde 20 kabla ya kukata tamaa. Kwa karani ambaye skrini yake imeganda na foleni ya watu inamtazama, sekunde 20 ni muda mrefu mno. Atabonyeza tena, na tena, na baadaye zitatoka nakala tano za barua yenye namba moja. Kwa hiyo programu iwekewe kikomo chake. Sekunde 2 au 3 zinatosha katika mtandao wa jengo moja. Kitufe kizimwe mara kinapobonyezwa, mpaka jibu lipatikane.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tukishauliza vizuri tumemaliza. Hatujamaliza. Kati ya dakika ya kuuliza na dakika ya kuchapa, plagi inaweza kuchomolewa. Karatasi inaweza kukwama kwenye ukurasa wa pili wa kurasa tatu. Ukaguzi wa kabla hupunguza hatari, na hakuna mtaalamu awezaye kuuahidi kuwa unaiondoa. Kwa sababu hiyo tulibadili kumbukumbu zetu. Zamani kulikuwa na neno moja, "imetolewa". Sasa yako matatu: imetumwa, imetoka, imekabidhiwa. La kwanza huandikwa na programu inapoipa foleni kazi. La pili huandikwa baada ya programu kuuliza na kujibiwa kwamba kazi ile imekamilika. La tatu haliandikwi na mashine kabisa. Huandikwa na karani akiwa ameishika karatasi mkononi, ameisoma, na mwananchi ameipokea. Barua ambayo haijafika neno la tatu inaweza kufutwa na kuchapwa upya kwa namba mpya, na ile ya zamani ikahesabiwa kuwa batili. Lau mpango huu ungekuwapo, yule mama asingeulizwa chochote.

Makarani wa zamani walilalamika kwamba hatua ya tatu inaongeza kazi. Ni kweli inaongeza, tena kwenye zamu yenye watu wengi. Hatuna jibu la kuwafurahisha, ila kwamba katika enzi ya vitabu vya karbon hapana aliyekuwa akiandika "amepokea" kabla mtu hajatia sahihi.

Hapo tuliwasimulia kisa cha mbali kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, watumishi wa ghorofa mbalimbali walitumia printa moja kwa mtandao, nayo ilikuwa ikikwama kila mara. Mtu alituma kazi, akangoja, akashuka kuichukua, akakuta mashine imesimama tangu zamani. Mwandishi wa programu aliyeitwa Richard Stallman hakuweza kuitibu mashine, lakini aliibadilisha programu yake ili printa ikikwama, kila mwenye kazi kwenye foleni apate ujumbe. Yeyote kati yao aliweza kwenda kuikwamua. Baadaye ikaja mashine mpya kutoka kwa kampuni ya Xerox, na maabara haikupewa maandishi ya programu yake, kwa hiyo haikuwezekana kuifundisha kutoa taarifa hiyo. Stallman mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba tukio hilo ni moja ya yaliyomsukuma katika harakati za programu huru, alizozitangaza mwaka 1983. Sisi tulikichukua kisa hiki kwa faida ndogo zaidi: kama mashine haiwezi kuacha kukwama, basi angalau aambiwe anayeingoja.

Jambo la faragha lilitushughulisha siku nzima ya tatu, na polisi hatuna ruhusa ya kulipita haraka. Kazi inayongoja kwenye foleni ni karatasi ambayo itatoka siku isiyojulikana, mbele ya mtu asiyejulikana. Yule mama alipoteza barua ya kitambulisho tu. Ingekuwa maelezo ya msichana aliyebakwa, au jina la aliyetoa siri kuhusu magendo? Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Kenya ilitunga yake mwaka huohuo, na Tanzania mwaka 2022. Kwa hiyo anayefanya kazi upande wowote wa mpaka anabanwa na sheria, awe polisi, karani wa ushirika au mwenye kibanda cha kutoa nakala. Agizo letu kwa vituo ni kwamba kazi ambayo haikutoka wakati mwenyewe yupo ifutwe kwenye foleni kabla hajaondoka mlangoni, na mwisho wa zamu foleni iwe tupu.

Wako waliopendekeza programu ikikuta printa moja haipo ihamie yenyewe kwenye nyingine. Tulikataa, na kama waandishi wa programu mtalichukua neno moja tu kutoka darasa hili, tungependa liwe hili. Printa ya pili inaweza kuwa katika chumba cha wageni, au karibu na meza ya wakala wa forodha. Programu inaweza kupendekeza printa nyingine, itaje iko chumba gani, kisha mtu aamue.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunahangaika hivi kwa karatasi moja. Mpakani karatasi husomwa na macho ya nchi mbili. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze, kama Mutukula kilichozinduliwa Novemba 2017 kati yetu na Tanzania, na Busia Februari 2018 kati yetu na Kenya, maofisa wa pande zote mbili hukaa katika jengo moja. Namba moja ikionekana kwenye karatasi mbili, anayeziona ni ofisa wa nchi nyingine, naye hana njia ya kujua kwamba tatizo ni plagi. Anachoona ni mwananchi mwenye barua yenye shaka.

Kwa upande wenu, ndugu wananchi, msiondoke mezani kwa maneno ya skrini. Ukiambiwa barua yako imechapwa, omba uione. Isome papo hapo, jina kwa jina na namba kwa namba, maana kosa la herufi moja husahihishwa kwa dakika moja mezani na kwa siku mbili ukishafika ng'ambo. Ikiwa haikutoka, mwombe afande aifute mbele yako na aandike kwamba hukupokea. Hiyo ni haki yako wala si ukorofi. Ukikuta karatasi ya mtu mwingine kwenye trei ya printa, hata kama ni kwenye steshenari ya mtaani, mpe mhudumu ikiwa imefunikwa. Nanyi wenye steshenari, wateja wenu hutuma vyeti na pasi kutoka kwenye simu zao na kuondoka kabla havijatoka; foleni zenu mara nyingi zimejaa kuliko zetu.

Sasa turudi kwa yule mama. Aliyemwokoa ni printa. Mashine nyingi za ofisini hutunza kumbukumbu ya kazi zilizochapwa, na fundi alipoifungua aliona kwamba barua ile ilitoka usiku, saa tano na dakika 47, wakati mama alikuwa amelala kwa dada yake na kituo kina walinzi wa zamu tu. Siku tatu baadaye karatasi yenyewe ilipatikana kwenye rundo la karatasi chakavu. Nyuma yake askari mmoja alikuwa ameandika orodha ya waliochangia chakula cha mchana.

Tulikwenda kumwomba radhi, tukampa barua mpya, naye akaomba aonyeshwe mashine iliyomsumbua. Tukampeleka chumba cha pili. Akaitazama, akainama kidogo kwenye tundu linalotokea karatasi, akauliza: "Afande, ndiyo hii iliyosema nimechukua?" Tukamjibu kwamba hapana, mama, hii haikusema neno lolote; aliyesema ni programu yetu, na haikuwa imemwuliza mtu.